Pumzi na Mkono: Neema Mbili na Mipaka Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akampulizia roho, akampa pumzi kabla hajajua kuziomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wetu watukufu, katika darasa yetu tumezoea kuzungumza juu ya ibada na tabia. Safari hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni pumzi tunazovuta, na mkono unaomkanda mchovu na mgonjwa. Lililotusukuma ni safari ambayo baadhi yetu tuliifanya kwenda kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Bungoma na Kitale, kule magharibi ya Kenya, chini ya Mlima Elgon. Ndugu hao si watu wa mbali nasi. Dini iliwafikia watu wa upande ule kwa wafanya biashara wa pwani waliokuwa wakishukia Mumias katika karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Basi hao ni ndugu zetu kwa dini na kwa historia, na lililowapata wao limetupata sisi.

Kitale tulikaribishwa na ndugu mmoja ambaye kazi yake ni uhamali. Huchukua magunia ya mahindi mgongoni, na gunia moja ni kilo 90. Alitueleza kwamba kwa miaka mingi, kila mgongo ukimuuma, alikuwa akienda kwa bibi mmoja wa jirani aliye mashuhuri kwa kukanda. Bibi humlaza, akamchua kwa mafuta yaliyopashwa moto, akamwambia avute pumzi taratibu na kuzishusha taratibu. Naye akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri, na asubuhi akaenda kazini. Aliisifu sana mikono ya bibi yule.

Kisha akanyamaza kitambo, akatusimulia jambo jingine. Mtoto wake wa miezi minane alishikwa na kikohozi katika baridi ya mwezi wa Julai. Wakampeleka kwa bibi yule yule. Bibi akamchua kifua kwa mafuta, akasema kwamba ni jicho la watu, akamfunga uzi mweusi mkononi. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu, mtoto akihema mbio mbio na sehemu ya chini ya kifua chake ikibonyea kila avutapo pumzi. Siku ya nne wakamchukua kumpeleka hospitali, akafa njiani. Mwenyezi Mungu amjaalie awe kitangulizi cha wazazi wake Peponi. Baba akatwambia kwamba siku ya maziko hakuna aliyelia kuliko bibi yule, kwani alikuwa akimpenda mtoto mfano wa mjukuu wake.

Enyi ndugu zetu, tulitoka katika nyumba ile na swali moja mioyoni mwetu. Mikono ni ile ile na mafuta ni yale yale. Vipi imfae baba, kisha imwangamize mtoto? Jawabu yake ndiyo maudhui ya waraka huu. Mikono haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kutojua kazi ya mkono inaanzia wapi na inakomea wapi. Na ujinga huo haukuwa wa bibi peke yake. Katika mji ule mna waalimu na mna misikiti, nasi wa pwani hatuachi kupeleka huko vitabu na mawaidha. Lakini hapana hata mmoja wetu aliyemfundisha mama yule namna ya kuhesabu pumzi za mwanawe.

Na tuanze kwa kuijua neema yenyewe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopata habari kwamba Abdallah bin Amr anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkataza, akamjulisha kwamba mwili wake una haki juu yake. Mwili basi si mali yetu tukautumia tupendavyo. Ni amana tuliyokabidhiwa, na mwenye amana ataulizwa. Katika haki za mwili ni kupumzishwa, na katika njia za kuupumzisha zilizo nyepesi kabisa, zisizohitaji fedha wala safari, ni kuvuta pumzi vizuri na kukandwa kwa mkono wa huruma.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi baina ya mara 12 na 20 kwa dakika. Pumzi hizo huvutwa zaidi na msuli mpana uliotandazwa baina ya kifua na tumbo, mfano wa ngozi iliyowambwa katika ngoma. Msuli huo ukishuka, mapafu hutanuka na hewa ikaingia. Ukipanda, hewa hutoka. Lakini mtu mwenye hamu na ghadhabu na mashaka ya maisha huacha kuutumia vizuri msuli huu, akawa anapumua kwa mabega na kwa kifua cha juu, pumzi fupi fupi za haraka. Moyo nao huenda mbio, shingo na mabega yakakaza, usingizi ukaruka. Wengi katika sisi tumo katika hali hiyo tangu asubuhi mpaka usiku, nasi hatujui.

Anayetaka kuupumzisha mwili wake na afanye hivi. Akae au alale, atie mkono wake juu ya tumbo, avute pumzi kwa pua polepole kwa kadiri ya kuhesabu mpaka nne, hata auone mkono wake ukiinuliwa na tumbo; kisha aishushe pumzi polepole zaidi, kwa kuhesabu mpaka sita. Asilazimishe wala asijaze kifua kwa nguvu, na akiona kizunguzungu aache, arudi katika pumzi zake za kawaida. Dakika tano zatosha. Na anayetaka kuyahakikisha tunayoyasema, na aweke kidole juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wake wakati huo: aghlabu ataona pigo la moyo linapungua kidogo kila anaposhusha pumzi. Hapana siri hapo wala uganga. Upo mshipa mrefu wa fahamu ushukao kutoka bongoni mpaka moyoni na tumboni, na pumzi ya polepole huupa nafasi ya kuutuliza moyo. Hivyo ndivyo alivyouumba Muumba.

Na katika sunna mna adabu ya pumzi ambayo wengi wameisahau. Mtume alikuwa akinywa maji kwa pumzi tatu, akiondoa chombo kinywani kila mara, na alikataza kupumulia ndani ya chombo. Alikataza pia kudonoa sala kama kunguru anavyodonoa, akaamrisha utulivu katika rukuu na sijida. Nasi hatusemi kwamba sala imewekwa kwa ajili ya mapafu. Twasali kwa sababu tumeamrishwa na Mola wetu, na lau isingekuwa na faida yoyote ya mwili, tungesali vile vile. Lakini mtu anayesali mbio mbio, akatoka msikitini anahema kama aliyefukuzwa, huyo amejinyima utulivu wa moyo na utulivu wa mwili pamoja. Mtume alikuwa akimtaka Bilal awapumzishe watu kwa sala. Sisi tumekuwa tukitaka kupumzika nayo.

Hapa pana jambo linalomhusu msafiri wa pwani. Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na Bungoma kwa kiasi cha mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu khumusi moja. Mtu wa Mombasa au Lamu akifika huko, akapanda mteremko na mzigo wake, ataona anahema kuliko desturi na moyo unamwenda mbio. Tumewasikia jamaa waliodhani kwamba wametupiwa jambo na wenyeji, wakarudi pwani kutafuta wa kuwaagua. Ndugu zetu, ni hewa tu. Aende polepole siku za kwanza, anywe maji, avute pumzi kwa utulivu, na mwili utazoea. Ama akiona kifua kinambana na maumivu, au anahema hali ya kuwa amekaa, basi na amwendee daktari upesi, wala asingojee.

Kadhalika pumzi nzuri yahitaji hewa nzuri. Katika nyumba nyingi za Bungoma tuliona akina mama wakipika kwa kuni na kwa magunzi ya mahindi ndani ya jiko lisilo dirisha, na mtoto kafungwa mgongoni, macho yakimtoka machozi. Moshi wa namna hiyo huyadhuru mapafu ya mama, na humzidishia mtoto hatari ya maradhi ya mapafu. Dirisha moja, au tundu la kutolea moshi, au kupikia uwanjani siku za jua, ni sadaka kubwa ya mume kwa watu wa nyumba yake. Nasi wa mijini tusiwacheke, kwani yuko kwetu baba anayejaza chumba moshi wa sigara na wanawe wamelala, na kijana anayekesha barazani na shisha, kisha asubuhi akalalamika kwamba kifua kimemshika.

Ama kukanda na kuchua, hilo ni jambo la kale katika umma wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, aliliandikia fasili katika kitabu chake cha utabibu kiitwacho Al-Qanun, akabainisha kukanda kwa nguvu na kukanda kwa ulaini, na kukanda kabla ya mazoezi ya mwili na baada yake. Na sisi watu wa pwani tumewaona mama zetu wakimkanda mzazi katika arobaini yake, wakimsinga bi harusi, wakimchua mzee magoti kwa mafuta ya nazi. Faida yake ni ya kweli: nyama zilizokaza hulegea, maumivu ya mgongo na mabega hupungua kwa muda, wasiwasi hutulia, na usingizi huja. Hamali wa Kitale na mkata miwa wa Bungoma, mwendesha bodaboda anayekaa juu ya chombo chake tangu alfajiri, na fundi cherahani wa Mombasa aliyeinama mchana kutwa, wote hao wana haja nayo.

Anayekanda na apashe mafuta kidogo, atumie kiganja kizima, apitishe mkono polepole kuelekea upande wa moyo, akande nyama zilizo kando ya uti wa mgongo wala asiukandamize mfupa wenyewe, na kila mara amuulize anayekandwa kama anaumia. Na anayekandwa na avute pumzi kama tulivyoeleza, kwani mwili haulegei na pumzi imezuiwa.

Sasa tumefika penye mipaka, nayo ni mitatu. Twaomba msomaji atulie nasi hapa.

Mpaka wa kwanza ni itikadi. Mkono ni sababu, na mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Mkandaji akikanda kwa mafuta, amefanya kazi ya halali. Akisema kwamba ugonjwa umeletwa na jicho la fulani, akafunga uzi, akapiga ramli, akataka kuku mweusi, ametoka katika kazi ya mkono na kuingia katika kazi ya shetani. Walimjia Mtume watu kumi. Akapokea ahadi ya tisa na akamwacha mmoja, kwa sababu alikuwa amevaa hirizi, hata alipoikata ndipo akampokea. Na anayetaka kujifunza kuvuta pumzi kwa watu wa dini nyingine, wakamchanganyia mazoezi na ibada zao, na achukue lenye faida katika mwili na aache lililo ibada. Hewa ni ya Mwenyezi Mungu, haina haja ya jina la mungu mwingine.

Mpaka wa pili ni stara. Mwanamume na akandwe na mwanamume au mkewe, na mwanamke na akandwe na mwanamke au mumewe, uchi ukiwa umesitiriwa. Palipo na dharura ya matibabu, wanavyuoni wametoa ruhusa kwa kadiri ya dharura hiyo. Lakini zile nyumba zilizofunguliwa mijini, pwani na bara, zenye ubao wa kukanda mlangoni na jambo jingine chumbani, kila mtu anajua zilivyo, na anayeingia asijidanganye kwamba anakwenda kutibiwa mgongo. Na hasara nyingine ya nyumba hizo ni kwamba zimewavunjia heshima wakandaji wema wanaokula kwa jasho lao.

Mpaka wa tatu ni elimu, nao ndio uliomwua mtoto yule. Mtume alifundisha kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Kila mkandaji na alijue neno hili, na kila mwenye mgonjwa pia. Kukanda hakuondoi malaria, wala ugonjwa wa sukari, wala maradhi ya mapafu. Mguu mmoja uliovimba, wenye moto na maumivu nyuma ya muundi, usikandwe, kwani huenda ndani yake mna damu iliyoganda, na kipande kikisukumwa hupanda mapafuni kikaua. Mfupa uliovunjika usichuliwe. Tumbo la mja mzito lisikandamizwe kwa kutaka kumgeuza mtoto. Mwenye pumu asitupe dawa yake ya kuvuta kwa kuwa amejifunza kupumua polepole. Afanye yote mawili.

Na kwa watoto, enyi mama na baba, yaandikeni haya ukutani. Mtoto mwenye kikohozi, mhesabuni pumzi zake kwa dakika moja kamili naye ametulia, halii wala hanyonyi. Ikiwa ana miezi miwili mpaka kumi na moja, na pumzi zikafika 50 au zaidi, au ikiwa ana mwaka mmoja mpaka chini ya mitano, na pumzi zikafika 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya maradhi ya mapafu. Na apelekwe kwa daktari siku ile ile. Aliye chini ya miezi miwili asingojewe hata kidogo: akifika 60, au akikataa kunyonya, na apelekwe mara moja. Na mtoto wa umri wowote ambaye kifua chake cha chini kinaingia ndani kila avutapo pumzi, hapana kungojea asubuhi. Saa yenye mshale wa sekunde, au simu iliyo mfukoni, yatosha kuhesabia. Mtoto wa Kitale alikuwa na siku tatu nzima za kuhesabiwa.

Msidhani kwamba twawapendelea watu wa hospitali na kuwalaumu wakandaji peke yao. Mkono wa aliyesoma nao waweza kuwa mkono mbaya. Mwezi wa Agosti 2013, katika hospitali ya serikali mjini Bungoma, mama mmoja alijifungua sakafuni, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mambo hayo yalifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na mwezi wa Machi 2018 mahakama ikahukumu kwamba haki zake zimevunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 2,500,000. Mwaka ule ule wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya uzazi, na katika yaliyomo ni kwamba mama mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu ya uchungu wa kuzaa aweza kusaidiwa kwa kuvuta pumzi kwa utulivu, kwa kukandwa, na kwa vitambaa vya moto. Tazameni basi! Yale waliyokuwa wakiyafanya wakunga wetu kwa mapenzi, wataalamu wameyapokea kwa uchunguzi. Tunalolitaka ni mambo mawili yakutane: huruma ya bibi wa Kitale na elimu ya daktari. Huruma isiyo na elimu ilimzika mtoto, na elimu isiyo na huruma ilimlaza mama sakafuni.

Basi twamaliza kwa nasaha. Waalimu wa madrasa na waifundishe hesabu ya pumzi za mtoto katika darasa za akina mama, kama wanavyofundisha tohara na udhu. Wakandaji wetu na waitwe, wakae na wauguzi, waambiwe kwa heshima ni wakati gani wa kukanda na ni wakati gani wa kusema, “Huyu mpelekeni hospitali.” Neno hilo halimpunguzii mkandaji cheo. Yule hamali alitwambia kwamba bibi wa Kitale sasa hamgusi mtoto mwenye kikohozi mpaka kwanza amemwuliza mama yake kama amemhesabu, na uzi mweusi ameuacha. Hilo nalo ni toba, na Mwenyezi Mungu ndiye apokeaye toba.

Na kwako wewe, kijana unayesoma waraka huu: una baba au mama nyumbani ambaye miguu inamuuma usiku. Usingojee mpaka awe hajiwezi. Pasha mafuta ya nazi leo baada ya Isha, kaa miguuni pake, umchue taratibu, usikilize pumzi zake zikitulia mpaka usingizi umchukue. Robo saa tu. Hapo utakuwa umeupa mwili wake haki yake, na umempa mzazi wako haki yake, kwa mkono ule ule mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudia, na elimu ya kuilinda, na awarehemu watoto wetu waliotutangulia. Amin.